Orodha ya Waliosema Kiswahili

Jina la kwanza kwenye orodha lilikuwa la mwanafunzi pekee aliyejibu swali langu wiki ile.

Orodha yenyewe ilikuwa karatasi iliyochanwa kwenye daftari na kukunjwa mara mbili, majina kumi na moja ya Kidato cha Pili, mwandiko wa kiranja. Kosa lao lilikuwa moja: wamezungumza Kiswahili ndani ya eneo la shule. Kila Ijumaa karatasi kama hiyo huletwa ofisini, na mwalimu wa zamu huwaita wenye majina wapange mstari chini ya mwembe. Ijumaa hiyo mwalimu wa zamu alikuwa na kikao. Akanikabidhi karatasi pamoja na fimbo ya mpera. "Mdogo wangu, hao nakuachia wewe," akasema. "Viwili viwili, waende darasani."

Nilikuwa na wiki mbili tu shuleni hapo. Nilitumwa na chuo kwa mazoezi ya kufundisha, Biolojia na Kemia, katika shule ya kata moja ya pwani ya kusini. Getini kuna kibao kinachoamuru Kiingereza tu. Nje ya geti watu wanauza mihogo, wanasuluhisha ndoa, wanazika na kuombea mvua kwa Kiswahili. Ukilivuka geti, lugha hiyohiyo inakuwa kosa la kuchapwa.

Jumatano ya wiki ile nilikuwa nimefundisha osmosisi. Nilikata kiazi mviringo vipande viwili, kimoja nikakitia kwenye maji matupu, kingine kwenye maji ya chumvi. Baadaye nikawapitishia wanafunzi wavishike. Cha maji matupu kilikuwa kigumu, cha chumvi kimelegea kama ulimi. Nikauliza kwa Kiingereza: kwa nini? Wanafunzi zaidi ya sitini wakanitazama. Aliyewahi kusimama mbele ya darasa la sekondari nchini anaujua ukimya huo. Ni ukimya wa watu wanaosubiri uache kuuliza, uanze kuandika ubaoni, nao wanakili.

Kijana mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. Akaanza kwa Kiingereza, maneno matatu, akakwama. Akaniuliza taratibu, "Madam, naweza kusema kwa Kiswahili?"

Nikamwambia sema.

"Ni kama ng'onda, madam. Bibi akishampasua samaki akamtia chumvi, asubuhi unakuta beseni lina maji na hakuna mtu aliyetia maji. Yametoka kwenye samaki. Chumvi imeyavuta. Na hiki kiazi kimevutwa maji yake, ndiyo maana kimelegea." Kisha akaongeza swali lake mwenyewe: "Lakini madam, mbona chumvi nayo inaingia ndani ya samaki? Si umesema utando unaruhusu maji tu?"

Darasa zima liliamka. Watu wakaanza kubishana, kila mtu ana bibi au shangazi anayetia samaki chumvi. Kwa dakika kama kumi nilikuwa mwalimu. Swali lake sikuwa na jibu lake pale pale, nikamwambia nitamjibu kipindi kijacho.

Kiranja, ambaye naye alikuwa akicheka na wenzake, alikuwa pia anaandika.

Basi Ijumaa nilisimama chini ya mwembe na fimbo mkononi, na wa kwanza mstarini alikuwa yule kijana niliyemruhusu mimi mwenyewe. Hakujitetea. Hakusema, "Madam, si ulinikubalia?" Alinyoosha mikono tu. Nyuma yangu, kwenye dirisha la ofisi, walikuwepo walimu ambao maoni yao yangeingia kwenye ripoti yangu. Nilimchapa viwili.

Ningependa kukwambia kwamba sikuwa na namna. Namna nilikuwa nayo. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinataka viboko visizidi vinne, vitolewe kwa makosa makubwa, na vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeteuliwa naye kwa maandishi. Mimi hata mwalimu aliyeajiriwa sikuwa, na hakuna aliyeniandikia chochote. Kwa hiyo nilivunja kanuni ya nchi ili kulinda amri ya kibao cha getini. Na kosa lenyewe lilikuwa kulielewa somo langu.

Chuoni tulifundishwa kwamba mwalimu mwema aanze na kile mwanafunzi anachokijua. Tulifanyia mtihani kauli hiyo, kwa Kiingereza, tukafaulu. Hakuna aliyetuambia kwamba kile anachokijua mwanafunzi kina lugha yake, na kwamba lugha hiyo tungekuta imepigwa marufuku getini.

Wala si kwamba jambo hili halijachunguzwa. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia Kidato cha Kwanza Januari 1985. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, waliwapima wanafunzi wetu na kukuta Kiingereza cha wengi hakitoshi kujifunzia masomo mengine. Soma pendekezo lao sasa: Kiingereza kiendelee. Na kiliendelea. Mwaka huohuo Mwalimu Nyerere, mtu aliyeupa Kiswahili *Juliasi Kaizari* na *Mabepari wa Venisi*, alikitetea Kiingereza kwa kukifananisha na Kiswahili cha dunia. Tangu hapo watafiti wetu hawakulala. Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ameeleza kwa miaka mingi kwamba kufundisha Kiingereza na kufundishia kwa Kiingereza ni mambo mawili. Halima Mwinsheikhe alikwenda kwenye somo langu hasa, Biolojia, kuangalia kinachotokea wanafunzi wakifundishwa kwa Kiswahili. Yule kijana wa dawati la nyuma alithibitisha hayo yote kwa beseni la bibi yake.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ilikitaja Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika ngazi zote. Wengine tulishangilia. Kisha likaja Toleo la 2023 la sera hiyohiyo, na Kiingereza kikabaki lugha ya kufundishia sekondari. Toleo hilo pia linafanya elimu ya lazima kuwa miaka kumi, sita ya msingi na minne ya sekondari ya chini. Unganisha mambo hayo mawili. Zamani mtoto aliyeshindwa na Kiingereza angeweza kuishia darasa la saba akiwa angalau amesoma kwa lugha anayoielewa. Sasa tunataka kumlazimisha kila mtoto kukaa miaka minne katika darasa asilolielewa, na asipoelewa tumwite kilaza.

Najua utakachoniambia, kwa sababu nami nilikuwa nikikisema. Kiingereza ndicho chenye ajira. Kweli. Nami nataka yule kijana akijue Kiingereza vizuri kuliko ninavyokijua mimi. Ndiyo maana nataka afundishwe Kiingereza, na mwalimu anayekimudu, kwa vitabu vya kusoma, kwa vipindi vya kutosha. Kipindi changu cha osmosisi hakikumfundisha Kiingereza. Mimi mwenyewe nilikuwa nasoma sentensi za kitabu kwa sauti na kuomba Mungu asitokee mtu wa kuniuliza zaidi. Wadenmaki na Wafini husoma sayansi kwa lugha zao, na ukikutana nao wanazungumza Kiingereza kutushinda.

Utasema istilahi hatuna. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Mimi nilimaliza sekondari na nikaingia chuoni kusomea kufundisha masomo mawili kati ya hayo bila mtu yeyote kunionyesha kamusi hiyo. Na pale istilahi inapopungua, lugha hukopa. Osmosisi ni osmosisi. Neno hilo halikuwa tatizo la mtu yeyote darasani kwangu. Tatizo lilikuwa sentensi zinazolizunguka.

Utasema wazazi wenyewe wanataka Kiingereza. Wanakitaka kwa sababu wanaona nani anapita. Wenye fedha wameshajitoa kwenye mjadala huu: watoto wao wanaanza Kiingereza chekechea, wakiwa na miaka mitatu, na wakifika Kidato cha Kwanza hawana mlima wa kupanda. Mlima umebaki kwa mtoto wa muuza ng'onda. Halafu wote wawili wanakaa mbele ya karatasi ileile ya mtihani wa taifa na tunasema ushindani ni wa haki.

Na wakati huohuo tunacheza ngoma kila tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani iliyotangazwa na UNESCO. Tunajivunia lugha yetu kuingia SADC mwaka 2019 na Umoja wa Afrika mwaka 2022. Lugha inayofaa kwa marais inawezaje kumtia mtoto wa Kidato cha Pili fimbo?

Kuna jambo la pili ambalo lazima nilikiri, kwani bila hilo ningejifanya shujaa.

Wiki ya tano mkufunzi kutoka chuoni alikuja kunikagua. Nilijua siku yake. Jana yake niliwafundisha wanafunzi kipindi chote, osmosisi ileile, mara mbili. Niliwagawia majibu kwa Kiingereza: wewe utasema hivi, wewe utamalizia hivi. Asubuhi msichana mmoja aliniuliza, "Madam, tujibu kama jana?" Nikamwambia ndiyo, na msicheke. Walinyoosha mikono wakajibu kama kwaya. Mkufunzi aliandika kwamba wanafunzi wameshiriki vizuri. Nilipata alama nzuri, na alama hiyo ipo kwenye matokeo yangu mpaka leo. Yule kijana wa ng'onda sikumpa sentensi yoyote, maana niliogopa angesahau na kuniharibia.

Wenzangu mnaosomea ualimu mnaijua hiyo kwaya. Wengi wetu tumeiongoza. Na kila tunapoiongoza tunaipelekea wizara ushahidi wa uongo kwamba mfumo unafanya kazi.

Wiki ya saba nilitoa jaribio. Swali moja liliwataka waeleze maana ya osmosisi na kutoa mfano. Kwenye karatasi yake alikuwa amenakili swali langu kama lilivyo, neno kwa neno, akaweka nukta. Nilimwita pembeni baada ya kipindi. Nikamwambia, "Nieleze tu kwa Kiswahili, kama ulivyonieleza siku ile. Nitakupa alama." Aliangalia dirishani, kiranja alikuwa akipita. Akasema, "Sijui, madam."

Alikuwa anajua. Nilikuwa nimeushika ushahidi kwa mikono yangu, kiazi kimoja kigumu na kimoja laini. Kilichobadilika kati ya siku ile na siku hii ni viboko viwili.

Kwa hiyo sitaisubiri sera nyingine, ingawa naidai. Naidai mitihani ya sekondari iandikwe kwa lugha mbili, swali la Kiingereza na chini yake la Kiswahili, na mwanafunzi ajibu kwa ile anayoiweza. Hilo halihitaji kujenga hata darasa moja. Lakini kuna mengine yasiyohitaji waziri. Mwalimu mwanafunzi anaweza kuikataa ile karatasi iliyokunjwa mara mbili. Anaweza kuirudisha kwa adabu na kusema, "Samahani mwalimu, hili sina ruhusa nalo," na itakuwa kweli kisheria. Anaweza kufundisha kwa Kiswahili kwanza, kisha akawapa wanafunzi Kiingereza cha jambo ambalo wameshalielewa. Anaweza kumwonyesha mkaguzi darasa lilivyo, na akubali alama itakayotoka. Mimi sikufanya hata moja kati ya hayo, kwa hiyo najua yanagharimu nini na najua kutoyafanya kunamgharimu nani.

Na lile swali. Niliondoka bila kumjibu. Baada ya wiki nane tulipewa soda na keki, tukapigwa picha, nikapanda basi. Jibu nililitafuta baadaye. Kiazi chetu kilikuwa hai, seli zake zina utando mzima unaopitisha maji na kuizuia chumvi. Samaki wa bibi amekwisha kufa, na seli zikifa utando wake hauwezi tena kuzuia kitu. Maji yanatoka, na chumvi nayo inaingia polepole hadi kwenye mfupa. Ndiyo maana ng'onda haozi, na ndiyo maana swali lako lilikuwa sahihi kuliko maelezo yangu. Nimekuandikia kwa Kiswahili.