Rejista afunzwe pia wakati wa kuweka kisu chini

Msomaji, ukipata ajali usiku wa leo katika barabara kuu yoyote ya nchi hii na ukafikishwa katika hospitali kubwa ungali hai, usidhani utapokewa na yule daktari bingwa ambaye jina lake umelisikia. Huyo aghalabu yuko nyumbani kwake, simu ikiwa kando ya mto. Atakayekuangalia macho na kuamua kama utapasuliwa au la ni daktari wa miaka thelathini na kitu, ambaye hajalala tangu jana, na ambaye bado anasoma. Hospitalini tunamwita rejista.

Usitishike. Rejista amekwisha kuhitimu udaktari, akafanya kazi, kisha akarudi kusomea upasuaji kwa miaka mitano, ama katika chuo kikuu kama kile cha Nairobi, au katika hospitali zilizoidhinishwa na COSECSA, chuo cha wapasuaji wa mashariki, kati na kusini mwa Afrika kilichoundwa mwaka wa 1999. Ninayetaka kumzungumzia ni yule wa miaka miwili ya mwisho. Mkono wake umekwisha kuzoea kisu. Swali langu ni hili: kabla hajaitwa bingwa, tunataka ajue nini kuhusu mtu aliyejeruhiwa vibaya?

Mimi si mpasuaji. Ni daktari wa kawaida mwenye kliniki karibu na barabara ya Mombasa, na kazi yangu kwa majeruhi ni kuwatuliza, kuwatia dripu na kuwakimbiza kwingine. Lakini anayepeleka wagonjwa huona mengi.

Miaka kadhaa iliyopita niliteremshiwa kijana wa bodaboda aliyegongwa na lori. Tumbo lilikuwa limeanza kuvimba na mshipa ulipiga mara 130 kwa dakika. Nilimtia dripu mbili, nikamfunga nyonga kwa shuka, nikampeleka mwenyewe kwa gari langu hadi hospitali ambayo sitaitaja. Rejista aliyekuwa zamu alikuwa wa mwaka wa nne, mpole na mwepesi wa mikono. Alimwingiza thieta upesi. Alikuta bandama imepasuka, ini limechanika na utumbo umekatika mahali pawili. Akaitoa bandama, akalishona ini, akakata sehemu mbovu za utumbo na kuuunganisha upya, kisha akafunga tumbo. Ilimchukua saa tatu na nusu, na muuguzi aliniambia kwamba ilikuwa kazi safi. Kijana alikufa kabla ya mapambazuko.

Alikufa kwa baridi. Mwili uliopoteza damu nyingi hupoa. Ukipoa, damu huacha kuganda. Na viungo visivyopata damu ya kutosha hujaza asidi mwilini, ambayo nayo huzidisha kutoganda huko. Mambo hayo matatu huchocheana. Kila saa tumbo linapokaa wazi chini ya taa za thieta, mgonjwa anazidi kuteremka, hata kama mshono ni wa kupendeza namna gani.

Dawa yake inajulikana. Mpasuaji huingia, huzuia damu, hulijazia ini vitambaa ili vilibane, hufunga ncha za utumbo zisivuje bila kuziunganisha, hufunika tumbo kwa muda, na kutoka. Mgonjwa hupelekwa kwenye chumba cha wagonjwa mahututi, akapashwa joto na kuongezwa damu. Baada ya siku moja au mbili hurudishwa thieta kumaliziwa. Mwaka wa 1993 madaktari wa Philadelphia, Marekani, walitoa hesabu ya wagonjwa wao waliojeruhiwa tumboni kwa risasi na visu. Miongoni mwa 22 walioumia vibaya zaidi, 13 walipasuliwa kwa njia hii fupi na 10 wakapona. Wale 9 waliofanyiwa kila kitu kwa mara moja, alipona 1. Idadi ni ndogo, nami najua kwamba wetu wengi huumizwa na magari wala si risasi, lakini tangu hapo njia hiyo imeenea duniani kote.

Je, yule rejista hakuwa ameisoma? Bila shaka alikuwa ameisoma. Alichokosa ni mtu wa kusimama nyuma yake saa nane za usiku na kumwambia, "Basi, inatosha, toka." Wapasuaji wetu hulelewa katika kumaliza. Huhesabiwa upasuaji walioukamilisha, nao ni rahisi kuandikwa daftarini. Uamuzi wa kuacha hauna pa kuandikwa, na kijana aliye karibu na mtihani huona haya kutoka thieta akiwa ameacha utumbo vipande vipande.

Rafiki yangu mmoja anayefundisha upasuaji alinikemea niliposema haya. Alisema kwamba asiyejua kuunganisha utumbo hana haki ya kuamua kutouunganisha, na kwamba njia fupi bila kitanda cha mahututi na bila damu katika benki ni kumhamisha mgonjwa tu kutoka kifo kimoja hadi kingine. Ana haki katika yote mawili. Ndiyo sababu sisemi juu ya wanaoanza. Na kuhusu damu na kitanda, hilo nalo ni sehemu ya uamuzi: rejista wa mwaka wa tano anapaswa kujua, kabla hajaosha mikono, kuna chupa ngapi za damu na kitanda kipi kitakuwa wazi.

Tena kuna kuchagua nani aingie kwanza. Nilikuwa kidato cha nne ubalozi wa Marekani uliposhambuliwa kwa bomu jijini Nairobi, tarehe 7 Agosti 1998. Watu 213 waliuawa hapa na maelfu wakajeruhiwa, wengi kwa vioo vilivyowarukia machoni. Siku kama hiyo, anayepiga kelele zaidi huenda si anayekufa upesi zaidi. Na haihitaji bomu. Matatu moja ikipinduka usiku na kuleta watu kumi na wanne kwenye hospitali yenye thieta mbili, mtu mmoja lazima asimame katikati bila kugusa mgonjwa yeyote, aelekeze. Huyo awe rejista mkuu, na bingwa wake awe pembeni mikono nyuma, akimwachia hadi pale atakapokosea. Leo wengi huwa hawajawahi kupewa nafasi hiyo hadi wanapobaki peke yao.

Jambo jingine ni mahali pa kujifunzia. Kila mwaka barabara zetu huua watu zaidi ya 4,000, na wengi hawaumii karibu na hospitali kuu ya Nairobi. Mafunzo ya huduma ya majeruhi yanayotumika duniani leo yalianzia shambani: mwaka wa 1976 mpasuaji wa mifupa, James Styner, alianguka na ndege yake ndogo huko Nebraska, mkewe akafa, wanawe wakajeruhiwa, naye akaona jinsi hospitali ndogo isivyojua pa kuanzia. Ningependa kila rejista wa miaka ya mwisho akae miezi sita Voi, Machakos au Naivasha, pamoja na bingwa wa kumsimamia, awafunze maafisa wa kliniki na wauguzi wa pale. Na kila kifo kijadiliwe asubuhi yake, bila kutafuta wa kutupiwa lawama.

Mwaka jana nilipeleka mwingine, mwanamke muuza mboga aliyegongwa akivuka barabara. Ini tena. Rejista wa mwaka wa tano alimfungua, akalijazia vitambaa, akatoka kabla ya saa moja kwisha. Kisha alifanya jambo ambalo sikuwahi kulifundishwa. Alivua barakoa, akaketi kwenye benchi kando ya mama ya mgonjwa, akamwambia, "Mama, sijamaliza. Nimezuia damu tu. Tumbo nimeliacha wazi kwa makusudi, na keshokutwa nitarudi. Anaweza kufa usiku huu, lakini ningeendelea angekufa mbele yangu."

Mama aliuliza kama anaweza kumwona. Alimpeleka mwenyewe.