Kodi juu ya kodi: waonyeshe hesabu

Sisi watu wa Ankoro hatukatai kulipa kodi. Tuseme ile kwanza, maana kila mara mtu akiuliza faranga zake zinaenda wapi, jibu linakuja mbio: "Ninyi hamupendi Leta." Tunaipenda. Kifungu cha 174 cha Katiba yetu kinasema kuchangia gharama za nchi ni wajibu wa kila mtu anayeishi Kongo. Lakini kifungu kilekile kinasema pia kwamba kodi haiwezi kuwekwa isipokuwa kwa sheria. Maneno ya wajibu wanatukumbushaka kila siku. Yale ya sheria wanayasahau.

Shida yetu si kodi yenyewe. Shida ni ile nyongeza inayopanda mgongoni mwa kodi kama mtoto asiyejulikana baba yake. Mama anatoka shambani na magunia matatu ya mahindi. Analipa ya soko, ni sawa. Halafu kuna kidogo ya karatasi, kidogo ya muhuri, kidogo ya kivuko, kidogo ya wale wanaolinda. Akiuliza ile kidogo inahesabiwa juu ya nini, juu ya gunia, juu ya bei ao juu ya ile kodi ya kwanza, anaambiwa: "Njo vile iko." Ndugu wasomaji, "njo vile iko" si hesabu. Ni amri tu.

Kuna watu watasema nyongeza haiwezi kuhesabiwa kwa haki, kwamba nchi masikini inakamata inachoweza. Basi tuangalie India. Hatuchagui Ulaya, mtu asije akasema hayo ni mambo ya Wazungu. India ni nchi kubwa yenye masikini wengi, na nayo inaweka nyongeza juu ya kodi ya mapato. Lakini inaweka namna gani?

Kwanza, nyongeza ile haimgusi kila mtu. Inaanza kwa yule tu ambaye mapato yake ya mwaka yamepita rupia 5,000,000. Pale inakuwa asilimia 10. Akipita 10,000,000 inakuwa 15, akipita 20,000,000 inakuwa 25. Mwalimu wa kijiji na muuza nyanya hawamo.

Pili, ile asilimia 10 haihesabiwi juu ya mapato yote. Inahesabiwa juu ya kodi. Tuseme kodi ya tajiri mmoja imefika rupia 1,500,000. Nyongeza ni 150,000, jumla 1,650,000. Juu ya jumla ile wanaweka tena asilimia 4 ya afya na elimu, ni 66,000. Mwisho analipa 1,716,000. Mtoto wa shule ya msingi hapa Ankoro, ukimupa kalamu, atafika kwenye namba ileile. Yule tajiri pia anaweza kuhakikisha nyumbani kwake, mbele ya kwenda kulipa.

Tatu, na hii njo inatugusa zaidi: sheria yao inamulinda yule anayevuka mpaka kidogo tu. Mtu aliyepata rupia 5,010,000 amepita mpaka kwa 10,000. Kama wangemuwekea asilimia 10 bila kufikiri, nyongeza peke yake ingepita 100,000. Angekuwa amepata zaidi akabaki na kidogo kuliko jirani yake aliyesimama kwenye 5,000,000. Sheria inasema hapana: nyongeza inapunguzwa, isile zaidi ya zile 10,000 alizopata juu ya mpaka. Wanamufikiria hata tajiri, asiazibiwe juu ya kufanya kazi zaidi. Na mama yetu wa magunia matatu? Akileta gunia la nne, hajui kama faida yake itafika nyumbani ao itabaki njiani. Ndiyo maana wengine wanaamua kulima kidogo.

Hatusemi kila kitu cha India ni kizuri. Tunasema tu kwamba nyongeza inaweza kujibu maswali matatu: inawekwa juu ya nini, inawekwa juu ya nani, na inaenda kufanya nini. Yetu ijibu vilevile.

Tuchukue mfano wa hapa kwetu. Bidhaa nyingi zinavuka ziwa, zinashukia Kalemie, zinapanda reli mpaka Kabalo, halafu zinapanda mto Lualaba mpaka kwetu, pale Luvua inapoingia. Tuseme mzigo una bei ya faranga 100,000 unapofika Kalemie, na ushuru wa forodha ni asilimia 20. Sasa ni 120,000. Juu yake inakuja TVA ya asilimia 16, ile tuliyoanza kulipa mwaka 2012. Lakini TVA haihesabiwi juu ya 100,000. Inahesabiwa juu ya 120,000, ni kusema ushuru nao unatozwa TVA. Inakuwa 19,200 mahali pa 16,000. Zile 3,200 ni kodi juu ya kodi, na ziko katika sheria, hatumushitaki mtu. Lakini mfanyabiashara anaweka faida yake juu ya yote, na vizuizi vya njiani vinaweka vyao. Yule anayenunua sabuni Ankoro njo analipa mwisho wa kamba, na hajui hata faranga moja ilipoingia.

Jambo hili si la jana. Wazee wetu wa Kiluba walijua mulambu, sehemu ya mavuno ao ya windo iliyopelekwa kwa mfalme. Wabelgiji walipoleta kodi ya kichwa, waliweka nyongeza mapema: mwanaume mwenye wake wengi alilipa tena kwa kila mke aliyezidi wa kwanza. Halafu, kwa dekreti ya mwaka 1933, chefferie na sekta zikapata sanduku zao, na sanduku zile zililishwa kwa "centimes additionnels", santimu zilizoongezwa juu ya kodi ileile ya mtu mweusi. Aliyelipa hakuulizwa. Tukapata uhuru mwaka 1960, na bendera tukabadilisha mara nyingi. Lakini ile desturi ya kumuongezea anayelipa tayari, bila kumuonyesha hesabu, imebaki.

Na tusijidanganye kwamba kuuliza ni kazi ya bure. Tunakumbuka RAM, ile iliyoanza mwaka 2020. Walikata dola 1 kwa mwaka kwa simu ya 2G na dola 7 kwa simu ya 3G ao 4G, wakizichukua kidogo kidogo ndani ya inite tulizokwisha kununua, na inite zenyewe zilikuwa zimetozwa tayari. Watu waliuliza: hii ni kodi ao ni nini? Iko katika sheria gani? Makuta yanaingia sanduku gani? Waliuliza sokoni, waliuliza kanisani, wabunge nao wakauliza. Mwaka 2022 ikaondolewa. Hakuna aliyepiga risasi. Ni swali tu, lililoulizwa na wengi kwa pamoja.

Kuna wanaotujibu hivi: "Mshahara wa wale walio kwenye kizuizi haufiki, wale nini?" Tunawaelewa, ni watoto wetu. Lakini mshahara usiofika ni deni la Leta, si deni la mama wa mahindi. Katiba, kifungu cha 175, inaipa mikoa asilimia 40 ya mapato ya taifa, tena inataka sehemu ile ikatwe palepale yanapokusanywa. Kodi ya Mines nayo ina sheria yake: tangu mwaka 2018, katika ile malipo ya madini inayoitwa redevance, asilimia 50 ni ya serikali kuu, 25 ya mkoa, 15 ya chefferie, sekta ao komini ya mahali machimbo yalipo, na 10 ya mfuko wa vizazi vinavyokuja. Manono iko jirani yetu, katika teritware yetu. Sehemu ya mkoa ni yetu pia. Mukitafuta makuta, tafuteni pale kwenye hesabu kubwa, mbele ya kupekua kikapu cha samaki wakavu.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji pesa nyingi.

La kwanza: orodha. Sheria-amri namba 18/004 ya tarehe 13 Machi 2018 imetaja kodi na tozo zote ambazo mkoa na chefferie, sekta ao komini zinaweza kukusanya. Ibandikwe sokoni na kwenye bandari, kwa Kiswahili na Kiluba, na bei pembeni. Kisichokuwa kwenye orodha, mtu asilipe, na asisumbuliwe.

La pili: msingi wa kila nyongeza uandikwe. Kama ni asilimia, ni asilimia ya nini? Ya mzigo ao ya kodi? Kumi ya mia moja na kumi ya elfu moja si kitu kimoja. Na kila malipo yatolewe kitansi yenye muhuri na tarehe. Faranga isiyo na kitansi haijaingia Leta, imeingia mfukoni.

La tatu: mpaka wa chini. Mwenye gunia moja ao mbili juu ya kinga, anayetafuta chumvi na dawa ya mtoto, asitozwe nyongeza yoyote. Kama India inaweza kusema nyongeza inaanza kwa tajiri, mkoa wetu wa Tanganyika unaweza kusema haianzi kwa masikini.

Wakubwa wetu wa Kalemie na wa Kinshasa, hatuombi kusamehewa kodi. Barabara ya Manono inahitaji makuta, shule zinahitaji bati, hospitali inahitaji dawa. Tutalipa. Lakini anayetaka faranga yetu aweke kwanza hesabu mezani, tuisome pamoja naye. Na sisi wenyewe tusilipe tukiwa tumefunga kinywa: tuombe kitansi, tuihifadhi, tuulizane jioni nani amelipa ngapi. Namba zetu zikilingana, itakuwa vizuri. Zikikosana, tutajua mlango wa kubisha.