Yafaa Tujue Kazi ya Modemu na Ruta

Siku hizi mjini kwetu mtu akitia intaneti nyumbani hupewa kisanduku kimoja chenye taa tatu au nne, naye hukiita "Wi-Fi", basi imekwisha. Intaneti ikilegea, husema Wi-Fi imeharibika. Bando likiisha, husema vivyo hivyo. Mimi sioni ajabu watu kukipa chombo jina moja. Lakini jina hili moja linawapotezea wazee wetu fedha, na ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Ndani ya kisanduku kile mna kazi mbili, ambazo zamani zilifanywa na vyombo viwili mbalimbali, na katika nyumba nyingine hufanywa hivyo hata leo. Kazi ya kwanza ni ya modemu, nayo ni kama mkalimani akaaye mlangoni. Kompyuta hujua tarakimu mbili tu, sifuri na moja. Lakini waya wa simu, au anga iliyo kati ya nyumba na mnara, huchukua mawimbi. Basi modemu huzigeuza tarakimu kuwa mawimbi zinapotoka, na huyageuza mawimbi kuwa tarakimu yanapoingia.

Kazi ya pili ni ya ruta, ambayo naifananisha na karani wa posta. Aghalabu nyumba nzima hujulikana nje kwa anwani moja tu, na huku ndani mna simu tano, kompyuta na televisheni. Ruta hukipa kila chombo anwani ya ndani, ambayo mara nyingi huanza kwa 192.168, kisha hukumbuka nani ameomba nini, ili jibu la simu ya mama lisiende kwenye kompyuta ya mtoto. Anwani za mtindo wa zamani, ambazo bado zatumika sana, hazizidi bilioni 4.3 kwa dunia nzima, kwa hiyo bila karani huyu tungalikwama zamani. Na hiyo Wi-Fi yenyewe ni redio tu, ambayo kwayo ruta huzungumza na simu zetu pasipo waya.

Ukiisha kufahamu hayo, utaona kwamba ubovu waweza kuwa mahali pawili. Waweza kuwa nje, yaani kutoka modemu mpaka kwenye kampuni na mbele zaidi. Maana Uganda yetu haina bahari, na habari nyingi tuzipatazo husafiri kwa waya wa nchi kavu kutoka pwani ya Kenya, ambako mkongo wa SEACOM ulianza kazi mwaka 2009. Au ubovu waweza kuwa ndani, kati ya ruta na simu iliyo mkononi mwako. Mtu asiyejua tofauti hii hulipia upande usio na kasoro.

Mzee mmoja, jirani yetu, ana duka la misumari na rangi. Alilipia intaneti ya megabiti 10, akaona chumbani haifiki vizuri. Muuzaji akamshauri apande hadi 20. Akapanda, na chumbani pakawa pale pale. Likizo iliyopita alinionyesha kisanduku chake: kilikuwa ndani ya kabati la chuma, kimefungwa kwa kufuli, kwa kuogopa wezi na wajukuu! Tulikitoa tukakiweka juu ya rafu ya mbao katikati ya nyumba, na jioni ile mjukuu wake alitazama somo zima la hesabu chumbani bila kukatika. Muuzaji hakumdanganya, maana megabiti 20 zilikuja kweli; ila ziliishia kabatini.

Chuma hurudisha mawimbi ya redio. Ukuta wa zege wenye nondo huyapunguza sana, na tangi la maji kadhalika. Ruta nyingi hutumia masafa mawili, la gigahezi 2.4 na la gigahezi 5. Wimbi la kwanza lina urefu wa kama sentimita 12 na nusu, nalo hupenya kuta vizuri zaidi. La pili, la kama sentimita 6, hubeba mengi lakini halifiki mbali. Kwa hiyo aliye chumba cha mwisho na achague la 2.4.

Hapa pana jambo ambalo wauzaji hawalitaji. Kisanduku kinachotumia laini ya simu kina matakwa mawili yanayogombana. Modemu yataka dirisha linaloelekea mnara; ruta yataka katikati ya nyumba. Ukiipendeza moja waiudhi nyingine. Kwa maoni yangu, kama nyumba ni kubwa, heri kisanduku kikae dirishani, kisha waya uvutwe hadi ruta ya pili iliyo ndani. Waya hununuliwa mara moja, bali bando kubwa hulipiwa kila mwezi.

Kupima si kazi ngumu. Simama hatua mbili kutoka kwenye kisanduku, upime spidi kwa simu. Kisha upime chumbani. Kama karibu ni vizuri na chumbani ni vibaya, usiongeze bando. Kama kote ni vibaya, zima simu nyingine zote zisile spidi, pima tena, ndipo uiulize kampuni. Tena ukumbuke kuwa megabiti 10 si megabaiti 10: megabaiti moja ni megabiti 8, kwa hiyo kitabu cha megabaiti 75 kitakuchukua dakika nzima hata mambo yakiwa mazuri kabisa.

Wako wenzangu wasemao mambo haya ni ya mafundi, sisi tusome ya mtihani. Siafikiani nao. Mafundi wanajua, lakini anayelipa ni baba, na baba humwuliza mtoto aliye shule. Hata neno la siri lililobandikwa chini ya kisanduku, wengi hawajui kwamba aghalabu yapo mawili, la kuingilia Wi-Fi na la kuingilia mipango ya ruta yenyewe. Hilo la pili wakiliacha kuwa "admin", mgeni yeyote aliyepewa la kwanza aweza kubadili atakavyo.

Ningependa chama chetu cha sayansi kimwombe mwalimu wa fizikia Jumamosi moja tu kwa kazi hii. Ruta mbili mbovu zimo stoo ya maabara, na bisibisi ipo.