Nikeli ya Nachingwea na Sarafu ya Mia Tano

Chukueni sarafu ya shilingi mia tano, ile yenye sura ya Sheikh Abeid Amani Karume, muisogeze kwenye smaku. Itanasa. Ni chuma kilichovikwa nikeli kwa juu ili king'ae na kisishike kutu. Shilingi ya mwaka 1966, yenye sura ya Mwalimu, hainasi, kwani ilifuliwa kwa mchanganyiko wa shaba na nikeli. Fedha yetu iliposhuka thamani, shaba ikawa ghali mno kwa kazi hiyo, na kufikia 1987 hata shilingi moja ilikuwa ya chuma.

Mama anayeuza mihogo Ruponda huzihesabu mia tano hizo kutwa nzima. Metali iliyomo haimhusu sana. Lakini ana haki ya kujua kwamba nikeli imelala chini ya kilima cha Ntaka, katika wilaya yake ya Nachingwea, na kwamba tumeilipia bila kuichimba.

Ndiyo, tumeilipia. Mwaka 2017 Bunge lilibadili Sheria ya Madini na kuziondoa leseni za kuhodhi maeneo. Januari 2018 kanuni zikaifuta leseni ya Ntaka. Wawekezaji, wakiongozwa na Indiana Resources ya Australia, wakatushtaki katika kituo cha Benki ya Dunia cha usuluhishi wa migogoro ya uwekezaji. Walijikinga kwa mkataba tuliotia saini na Uingereza mwaka 1994, kupitia kampuni iliyosajiliwa huko Uingereza ambayo, vumilieni, inaitwa Nachingwea. Julai 2023 tukaamriwa kulipa zaidi ya dola milioni 109. Mwaka mmoja baadaye tukakubaliana dola milioni 90.

Simo miongoni mwa wanaodai kwamba dola haikuwa na haki ya kugusa leseni zile. Madini ni ya taifa, na kuketi juu ya kilima miaka nenda rudi ukingoja bei ipande si uwekezaji. Ugomvi wangu ni na uzalendo usiosoma makaratasi. Mkataba wa 1994 ulikuwepo kabatini siku sheria ilipopitishwa kwa hati ya dharura. Mwanasheria yeyote wa serikali angeweza kuufungua. Kama aliufungua na kuonya, ni nani aliyempuuza? Kama hakuufungua, analipwa mshahara kwa kazi gani?

Wilaya iliyoshuhudia mradi wa karanga wa Waingereza ukivunjika mwaka 1951 imezoea kubebeshwa hesabu za watu wa mbali. Hata hivyo, safari hii makosa ni ya kwetu.

Ninyi mlioko wizarani, nawaomba waraka mmoja tu wa Kiswahili, ubandikwe ofisi ya kata Ruponda: tulilipa kiasi gani, kutoka fungu lipi, nani alishauri, na kilima cha Ntaka leo kiko mikononi mwa nani.