Tawakali haizibi busta inayovuja



Leo nazungumza na sisi tunaoshika usukani, na pia na nyinyi mnaokaa kiti cha mbele pembeni ya dereva huku watoto wako nyuma. Kuna neno tunalisema sana tunapotoka safari: "Tawakali tu, twende." Ni neno la kheri. Lakini naona linatumika pia kuziba masikio pale gari inapotuambia jambo, na hapo mimi siungi mkono.

Shoga yangu mmoja ameolewa bara, anaishi Njombe. Msimu wa baridi uliopita ulitokea msiba upande wa mume, Makambako, kama kilomita 60 kutoka kwao. Aliyefariki ni mama mdogo wa mumewe, ndiye aliyemlea. Mume alikuwa safarini, gari kaiacha nyumbani. Asubuhi ile shoga yangu alipoiwasha na kukanyaga breki, pedali ilikuwa ngumu kama jiwe, na chini ya dashibodi akasikia upepo unatoka, sssss. Majirani wawili walikuwa tayari mlangoni wanangoja lifti, mmoja na mtoto mchanga mgongoni.

Fundi wa karibu akamwambia breki inashika, ni baridi tu, aende mdogo mdogo. Mashemeji wakapiga simu: maziko ni adhuhuri, tawakali uje. Akakataa. Wakaenda stendi wote watatu, wakangoja basi lijae, wakafika maiti kashatolewa. Mpaka leo wapo wanaosema aliithamini roho yake kuliko msiba, na wapo wanaosema ni uoga wa mwanamke kwenye gari.

Mimi nasema alifanya sawasawa.

Tuanze na gari. Busta ya breki ni lile dude jeusi la duara, kama sufuria mbili zilizofunikiana, lililo nyuma ya injini upande wa dereva. Ndani yake mna mpira uliotandazwa katikati. Injini inavuta hewa kutoka upande mmoja; ukikanyaga breki, hewa ya nje inaingia upande wa pili na kuusukuma ule mpira. Msukumo huo ndio unaouongezea nguvu mguu wako. Mpira ukipasuka, au bomba linalotoka kwenye injini likipata ufa, msaada unapungua au unakwisha. Breki bado zipo, lakini sasa unazikanyaga kwa nguvu za mguu wako peke yake, na gari inakwenda mbali zaidi kabla ya kusimama.

Kwetu Unguja mtu anaweza kukaa na ubovu huu miezi. Njia zetu nyingi ni tambarare na mwendo wa mjini ni mdogo. Tena tuko usawa wa bahari, na hewa hapa ni nzito. Njombe iko juu, karibu mita 2,000, na huko mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na huku pwani. Busta inafanya kazi kwa hewa, kwa hivyo hata iliyo nzima inapata nguvu kidogo zaidi huko. Inayovuja ndiyo inaumbuka kabisa. Ongeza ukungu wa asubuhi, miteremko, na malori ya mbao na mbatata yanayoelekea Makambako kuingia barabara kuu ya Dar es Salaam na Zambia. Hapo "nenda mdogo mdogo" si ushauri wa ufundi. Ni kumfukuza mteja.

Na baridi haiifanyi pedali iwe ngumu huku inapuliza upepo. Kuna kipimo ambacho hata mimi na wewe tunakiweza uani kwetu. Gari ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara nne au tano mpaka pedali iwe ngumu. Usiachie. Washa injini. Busta ikiwa nzima, pedali itashuka kidogo chini ya mguu wako. Isiposhuka, au ukisikia upepo, au injini ikianza kutetemeka kila ukikanyaga, usiondoke. Pedali ikiwa laini na inazama mpaka chini, hiyo ni hatari nyengine, mara nyingi ya mafuta ya breki; hiyo nayo usiondoke nayo.

Gari ile ilipokaguliwa na fundi mwengine, busta yenyewe ilikuwa nzima. Ufa ulikuwa kwenye bomba la mpira, pale linapoungana na injini, kitu cha bei ndogo sana kuliko busta. Kwa hivyo ukiambiwa "busta imekufa, nunua nyengine", mwambie kwanza akague bomba na ile valvu yake ndogo. Na ukinunua ya mtumba, kumbuka mpira wa ndani umezeeka pamoja na gari iliyotolewa. Ipimwe kabla hujalipa.

Sasa dini. Sote tumesomeshwa kisa cha yule bedui aliyemuuliza Mtume (S.A.W.) kama amuache ngamia wake bila kumfunga kisha atawakali. Akaambiwa amfunge kwanza, ndipo atawakali. Tunakisimulia madrasa, tukifika kwenye gari tunakisahau. Dua ya safari tunaisoma kwa sauti nzuri, wala simkatazi mtu, lakini dua ni ya aliyemfunga ngamia wake.

Najua hoja ya mashemeji, nayo ina uzito. Kusindikiza maiti ni haki ya Muislamu kwa ndugu yake, na kuchelewa kunauma. Shoga yangu alilia njia nzima. Lakini marehemu hakuwa na haki juu ya roho ya yule mtoto mchanga. Watu walioingia gari yako ni amana. Matanga ni siku tatu, wafiwa utawakuta, utawapa mkono na kuwaombea. Mtoto wa watu akiumia kwenye mteremko, utampeleka wapi mkono wako?

Kwa hivyo nina maombi mawili. Kwa waume, kaka na mashemeji: mwanamke akisema gari haiko sawa, kabla ya kumwita muoga, kanyaga hiyo pedali mwenyewe. Yeye ndiye anayeiendesha kila siku kupeleka watoto skuli na kwenda sokoni. Mguu wake unaijua.

Na kwa nyinyi dada zangu: usione haya kuwachelewesha watu. Fundi akikujibu kwa kicheko, funga boneti uende kwa mwengine. Uko njiani ndipo pedali ikawa ngumu, usiizime injini wala usiweke nyutro kwenye mteremko. Ingia gia ndogo, kanyaga breki kwa nguvu bila kuipampu, tafuta pembeni pa kusimama. Kisha piga simu useme, "Nimechelewa." Ni neno dogo sana mbele ya salamu za rambirambi.

Allah atuhifadhi njiani, aturejeshe kwa tunaowapenda. Aamin.