Ndoa ya Pili Isifungwe Gizani

Mjadala wa mitara haujapata kwisha katika nchi yetu. Wapo wanaoitetea kwa jina la dini, wapo wanaoitetea kwa jina la mila, na wapo wanaoilaani kuwa ni mabaki ya enzi za kumdhalilisha mwanamke. Leo hatukusudii kuamua nani kati yao ameshinda. Tunakusudia kusema juu ya jambo moja ambalo pande zote zinapaswa kulikataa, nalo ni ndoa ya pili inayofungwa kwa siri, hasa na mtumishi wa umma.

Wananchi wa Kasulu na Kibondo wana sababu ya pekee ya kulifahamu jambo hili. Kambi ya Mtabila, wilayani Kasulu, iliwahifadhi wakimbizi wa Burundi mpaka ilipofungwa Desemba 2012, na zaidi ya watu 30,000 walirejeshwa kwao katika miezi ya mwisho. Huko walikorudi, sheria ya familia inakataza mitara, na mwaka 2017 Serikali ya Burundi iliwaagiza wote waliokuwa wakiishi pamoja bila ndoa wazihalalishe ndoa zao kabla ya mwaka kwisha. Wakimbizi wengine wa Burundi, waliochukuliwa na Marekani kutoka kambi za magharibi mwa Tanzania kuanzia mwaka 2007, walikwenda katika nchi ambayo sheria yake ya uhamiaji haimpokei mume pamoja na wake wawili. Hivyo nyumba iliyohesabiwa kuwa moja upande huu wa mpaka, upande wa pili yaweza kukatwa vipande. Ndoa, basi, si jambo la wawili na jamaa zao tu. Ni jambo la daftari, la shamba, la mpaka na la haki ya mtoto.

Sheria yetu haikuliacha jambo hili hewani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilitanguliwa na mapendekezo ya Serikali yaliyotolewa mwaka 1969 ili wananchi wayajadili, na moja ya mambo yaliyozua ubishi mkali lilikuwa nafasi ya mke aliyepo mume anapotaka kuoa mwingine. Sheria iliyopatikana ilizitambua ndoa za aina mbili, ya mke mmoja na ya wake wengi. Aliyefunga ndoa ya mke mmoja hawezi kuoa mwingine wakati ndoa hiyo ingalipo. Ndoa ya Kikristo haiwezi kugeuzwa kuwa ya wake wengi maadamu wanandoa wote wawili wangali Wakristo. Na pale penye wake wawili au zaidi, kila mmoja ana haki sawa na hadhi sawa mbele ya sheria. Hakuna bi mkubwa wala bi mdogo katika mizani ya mahakama.

Tena sheria hiyo inawataka wanaokusudia kuoana watoe taarifa siku 21 kabla ya ndoa. Katika muda huo mke aliyepo anaweza kuweka pingamizi. Anaweza kusema kwamba kwa kipato cha mumewe, ndoa mpya itawaletea yeye na watoto taabu. Au kwamba mchumba huyo ataleta ugomvi mkubwa nyumbani. Angalieni, ndugu wasomaji, jinsi sheria ilivyoweka kipato mbele. Waliotunga sheria walijua kwamba machozi mengi ya uke wenza huanzia kwenye debe la mahindi na karo ya mtoto, kabla hayajafika kwenye wivu.

Lakini hapa pana tundu. Sheria hiyo hiyo inasema ndoa haibatiliki kwa sababu tu taarifa haikutolewa au ndoa haikuandikishwa. Nia ilikuwa njema: kumlinda mwanamke wa kijijini ambaye ndoa yake haikufika katika daftari lolote. Matokeo yake, hata hivyo, ni kwamba mume asiyetaka kusikia pingamizi hukaa kimya tu. Anaoa kwa mila au kwa dini kwenye kituo chake kipya cha kazi, maili mia nne kutoka kwa mkewe, na yule mwenye haki ya kupinga hupata habari siku ya msiba.

Ndiyo maana tunawasemesha watumishi wa umma na walimu. Mkulima mwenye wake wawili, kila mmoja na shamba lake la maharage na mihogo, anajulikana na kijiji kizima. Siri yake haiwezekani. Mtumishi huhamishwa, na mshahara wake huja kwa njia asiyoiona mke. Mshahara huo haukui kwa sababu mwenye nao ameongeza nyumba. Ukitoa makato na mikopo, wako wanaobaki na ile theluthi moja tu inayolindwa na kanuni. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioanza mwaka 2001, uliweka utaratibu wa kumhudumia mchangiaji, mwenza wake na wategemezi wengine wasiozidi wanne. Je, mke wa pili na watoto wake watatibiwa kwa kadi ya nani? Na mume akifariki, ni jina lipi litakalokutwa katika jalada lake la ajira?

Wako watakaojibu kwamba dini imeruhusu. Tunaiheshimu dini, na ndiyo maana tunawaomba waisome yote. Suratun Nisaa inaruhusu wake hadi wanne, lakini inamwamuru anayechelea kutotenda uadilifu awe na mmoja. Kanisa la Anglikana, ambalo Dayosisi yake ya Western Tanganyika ina makao Kasulu, ni sehemu ya ushirika ambao maaskofu wake, katika mkutano wa Lambeth wa mwaka 1988, walikubali mwenye wake wengi abatizwe pamoja na wake zake walioamini bila kulazimishwa kuwaacha, mradi aahidi kutooa tena wakati wangali hai. Kanisa Katoliki, katika sheria zake za mwaka 1983, linamtaka anayebatizwa abaki na mke mmoja, lakini linaagiza kwamba wale wengine wasiachwe bila matunzo. Mafundisho haya yanatofautiana sana. Hata hivyo, hakuna hata moja kati yake linalompa mume ruhusa ya kutupa nyumba aliyoijenga.

Wengine watasema mke akiarifiwa atapinga daima. Hoja hii haina nguvu. Kupinga si kuzuia. Pingamizi hupimwa kwa sababu zake. Mume mwenye uwezo na nia njema hana la kuogopa. Jirani zetu wa Kenya walichagua njia nyingine mwaka 2014, sheria yao ya ndoa ilipopitishwa bila kudai idhini ya mke aliyepo, na wabunge wanawake wakatoka nje ya Bunge kwa hasira. Sisi tunayo sheria iliyompa mke sauti tangu mwaka 1971. Itakuwa aibu kubwa sauti hiyo ikizimwa kwa hila ya ukimya.

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, taarifa ya ndoa ya mwanamume mwenye mke ipelekwe pia mahali anapoishi mke huyo, na iwe wajibu wa msajili kuhakikisha imemfikia. Pili, waajiri wahuishe majalada ya watumishi kila mwaka, ili wake wote halali na watoto wote waandikwe. Tatu, utaratibu wa bima ufikirie mchango wa ziada kwa anayeongeza mke, maana mwenye kuongeza furaha na aongeze mzigo.

Mwalimu ndiye anayesomewa barua na wanakijiji na kuulizwa maana ya sheria. Hawezi kuwafundisha watoto uaminifu asubuhi, na jioni akaificha familia nzima. Mtumishi wa umma ambaye dini au mila yake inamruhusu kuoa mke wa pili, na aoe mchana kweupe.