Kalehe Haikukosa Habari

Kila mara mafuriko ya Kalehe, jimboni Kivu Kusini, Kongo, yanapotajwa hapa Bukavu, hakosekani mtu wa kusema kwamba waliokufa huko waliangamia kwa kukosa habari. Wangetangaziwa redioni, wangetumiwa ujumbe kwenye simu, wangepona. Imani hii inapendwa kwa sababu inamtwisha marehemu lawama ya ujinga, kisha inamwachia aliye hai kazi nyepesi ya kusambaza matangazo. Mimi naikataa.

Tarehe 4 Mei 2023, siku ya Alhamisi, mvua ilijaza mito inayoshuka milimani, ikasukuma mawe, magogo na matope juu ya vijiji vya Bushushu na Nyamukubi, kando ya Ziwa Kivu. Alhamisi ndiyo siku ya soko Nyamukubi, kwa hiyo watu walikuwa wengi kuliko kawaida. Waliokufa walipita 400, na maelfu hawakuonekana tena.

Habari zilikosekana wapi? Oktoba 2014 mafuriko yalipiga Kivu Kusini, Bushushu ikiwemo, yakabomoa nyumba zaidi ya 700. Mwaka huohuo utafiti wa kisayansi kuhusu maporomoko ya ardhi magharibi mwa Ziwa Kivu ulichapishwa kwa ushiriki wa kituo cha utafiti cha Lwiro, kilichopo Kabare, jirani kabisa na Kalehe. Na usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, ng'ambo ya ziwa, Rwanda ilipoteza watu zaidi ya 130 kwa mafuriko na maporomoko. Habari zilikuwa tele.

Kilichokosekana ni kujifunza. Mwambie mama muuza samaki kwamba mvua kubwa inakuja: afanye nini na maneno hayo, katika nchi ambayo mvua hunyesha miezi tisa kwa mwaka? Kubwa kiasi gani? Mto upi utatangulia kufurika? Apande njia ipi na watoto usiku, na nani atabaki na bidhaa? Majibu ya maswali hayo hayatoki redioni. Hupatikana kwa kupima mvua mwaka hadi mwaka, kulinganisha na yaliyotokea, kubishana na jirani, kumsikiliza mzee aliyeona 2014, kisha kuijaribu njia ya kukimbilia kabla ya siku yenyewe. Mto ukipungua ghafla huku mvua bado inanyesha, huenda ardhi imeporomoka na kuuziba huko juu, na bwawa linalojiunda hapo linaweza kupasuka wakati wowote. Mtoto wa miaka kumi anaweza kufundishwa jambo hilo akiwa amesimama ukingoni mwa mto wa kwao.

Mafunzo ya namna hiyo yamewahi kuokoa watu. Kisiwa cha Simeulue, Indonesia, kilipigwa na tsunami mwaka 1907. Walionusurika waliwafundisha watoto na wajukuu kwa hadithi na nyimbo: ardhi ikitikisika sana na bahari ikirudi nyuma, kimbilieni mlimani. Tsunami ya Desemba 2004 ilipofika, kisiwa chenye watu zaidi ya 70,000 kilipoteza watu saba tu. Hawakuwa na simu ya kuwaonya. Walikuwa na karibu miaka mia ya kufundishana, na mlima wa kupanda.

Mlima wa kupanda: hapo ndipo wahubiri wa habari wanaponyamaza. Kalehe watu walijenga kando ya mito kwa sababu soko liko hapo, ziwa liko hapo, barabara ya Bukavu–Goma inapita hapo, na wengi walikuwa wamekimbia vita. Huko juu, ardhi nyingi imeshikwa na mashamba makubwa ya tangu ukoloni. Anayejua hatari lakini hana kiwanja kingine amebaki na hofu tu. Hekima inahitaji mahali pa kuitumia, na hapo serikali haiwezi kujificha nyuma ya kipaza sauti.

Kwa hiyo nawaomba wakuu wa elimu, mwami (mtawala wa jadi) wa Buhavu na mashirika yanayolipia mabango ya tahadhari: pelekeni vipimamvua katika shule za msingi kuanzia Bushushu hadi Nyamukubi, watoto wasome vipimo kila asubuhi na kuviandika. Watafiti wa Lwiro waletwe vijijini waeleze kwa Kihavu na Kiswahili, nao wasikilize wanavijiji. Na serikali igawe viwanja salama vyenye maji, karibu na soko. Mvua huanza tena Septemba. Kazi hii itangulie.